Vidole vya Povu

Mashine ilimkataa Povu kidole baada ya kidole, na kila ilipokataa ilitoa mlio ambao foleni nzima iliusikia. Sajini wa alama za vidole pale polisi, mtu mnene, mpole, aliyekuwa akichukua vidole vya watu kutwa nzima, alikifuta kioo kwa kitambaa, akampangusa kidole gumba kwa kitambaa kingine, akakikandamiza upya. Mlio. Akajaribu cha shahada. Mlio.

"Bonyeza taratibu, mama. Usisukume kama unafunga sanduku."

"Nabonyeza taratibu, afande."

"Basi taratibu zaidi ya hapo."

Nyuma yake mwanamume mmoja akamnong'oneza mwenzake, lakini kwa mnong'ono ule wa kutaka kusikika: "Huyu akiiba benki, nani atamkamata?" Watu wakacheka. Povu naye akajichekesha, maana ukichekwa mbele ya watu usipocheka nao unazidi kuonekana. Moyoni alitamani sakafu ipasuke.

Sajini akaacha mashine, akatoa kidau cha wino. Akamviringishia vidole vyote kumi juu ya karatasi, kimoja kimoja, kwa uangalifu wa mtu anayejua kazi yake. Wote wawili wakaiinamia karatasi. Yalikuwa madoa meusi kumi, laini, bila mstari hata mmoja.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Nafua. Chumba cha kufulia, hospitali kuu."

"Tangu lini?"

"Tangu binti yangu hajaanza kutambaa. Sasa yuko sekondari."

Sajini akatikisa kichwa. "Basi umezifua alama zako mpaka zimeisha."

Alisema bila kejeli, na ndiyo maana ilimuuma zaidi. Kwani Povu alikuja pale kwa sababu ya kazi hiyohiyo. Hospitali ilikuwa imeagiza mitambo mipya ya kufulia, mikubwa, ya kompyuta, na waliotengeneza mitambo hiyo wakasema watamfundisha mfanyakazi mmoja chuoni kwao ng'ambo, miezi tisa, arudi awe ndiye mkuu wa mitambo. Katika wafuaji wote akachaguliwa yeye, mwanamke ambaye wenzake walimbandika jina la Povu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila povu kwenye viwiko. Pasi ya kusafiria aliipata. Vipimo vya daktari alivifanya. Kilichobaki ni cheti cha mwenendo mwema, cha kuonyesha kwamba hajawahi kutenda kosa la jinai, na cheti hicho hakitolewi bila alama za vidole. Makosa hakuwa nayo. Vidole ndivyo vilivyokuwa vimemtoroka.

"Ngozi inarudi," Sajini akamwambia, akimpa karatasi ya kujifutia wino. "Wiki mbili usiguse maji ya sabuni. Usiguse dawa ya kung'arishia nguo. Usioshe vyombo. Paka mafuta ya mgando asubuhi na jioni, halafu urudi."

"Nikivaa glavu je?"

"Glavu zinatoa jasho, na jasho ni maji. Mikono ipumzike, mama. Ipumzike kabisa."

Povu alitoka nje ameishika ile mikono mbele yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Tangu azaliwe hajawahi kuambiwa apumzishe mikono. Hata siku anajifungua binti yake, alikuwa anauliza nani atasuuza kanga.

&nbsp;

Mumewe alikuwa fundi viatu. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na mkewe naye alizoea kumwita hivyohivyo, isipokuwa akimkasirikia, hapo alimwita Baba Binti. Aliposikia habari ya mashine alicheka mpaka akapangusa macho. Kisha akasimama katikati ya chumba, akanyoosha kidole kama mtu anayetangaza kwenye kipaza sauti.

"Kuanzia leo, mtu asimwone mama huyu na ndoo. Binti, wewe jiko. Mimi nguo."

"Wewe ufue?" Binti akauliza.

"Kwani nguo ni nini? Nguo ni kiatu kisicho na soli."

Povu akacheka, na safari hii kilikuwa kicheko chake mwenyewe. Walikuwa wanakaa vyumba viwili na kiukumbi katika nyumba ya kupanga yenye bomba moja uani. Chumba kidogo kilikuwa cha Bibi, yaani mama yake Fundi, aliyehamia kwao baada ya kuugua na mguu mmoja kuwa mzito. Bibi alikuwa amekaa mlangoni pake, anasikiliza kila kitu, kitambaa cha kichwa kimefungwa sawasawa kama anakwenda kwenye sherehe.

"Wiki mbili?" Bibi akauliza.

"Wiki mbili, mama," Povu akajibu.

"Haya."

Akainuka, akajishikiza ukutani, akaingia ndani na kuufunga mlango. Povu alibaki akiutazama mlango ule, na furaha yote ikamwisha.

Maana kulikuwa na jambo ambalo Fundi hakulijua, na Binti hakulijua. Zaidi ya mwaka sasa, Bibi alikuwa akikojoa kitandani. Haikuwa kila siku mwanzoni, lakini sasa ilikuwa kila siku. Asubuhi ile ya kwanza alimwita Povu kwa kugonga ukuta kwa kidole, na Povu alipoingia alimkuta mama mkwe wake amesimama kwenye kona, analia bila sauti. Mwanamke huyu katika ujana wake alikuwa mshonaji wa mashela. Wanawake walikuwa wakinawa mikono kabla ya kuingia kwenye chumba chake cha kushonea, wasichafue vitambaa. Leo alikuwa anamwomba mke wa mwanawe asimwambie mtu.

"Mwanangu asijue," alimwambia. "Akijua, heri unizike kwanza."

Povu akaapa. Tangu hapo kila alfajiri, kabla nyumba haijaamka, alilichukua shuka, akalifua kwa dawa kali ili harufu isibaki, akalianika ndani kwa Bibi kwenye kamba nyuma ya mlango. Ikiwa Fundi aliuliza, jibu lilikuwa kwamba mama anapenda shuka safi. Fundi alijivunia jambo hilo. Alikuwa akiwaambia wateja wake, "Mama yangu usafi wake ni wa kipekee."

&nbsp;

Kazini walimhamishia kwenye meza ya kukunja. Mashuka makavu, foronya kavu, magauni ya wagonjwa makavu. Wenzake waliokuwa kwenye maji walimpigia saluti kila akipita. "Bosi huyo," walisema. "Bosi, tuletee na sisi chai." Alijua wanamtania kwa upendo, isipokuwa mmoja, wa zamu ya mchana, ambaye jina lake ndilo lililofuata la Povu kwenye orodha ya mafunzo. Huyo kila siku alikuja mezani na sauti ya kwenda kumwona mgonjwa.

"Vidole vinaendeleaje?"

"Vinaendelea vizuri."

"Tunaviombea," alisema, akaenda zake.

Msimamizi wao hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa tarehe. Alimwita Povu pembeni akamweleza wazi. Chuo kule kinataka cheti kabla ya mwisho wa mwezi. Kisipofika, kitapelekwa cha mtu mwingine. "Mimi nakutaka wewe," alisema. "Lakini nikipeleka jina lisilo na cheti, watatunyima hata hiyo nafasi yenyewe, na mitambo itakuja ikae kama mapambo."

Nyumbani Fundi alifua kama alivyoahidi, na mtaa ukapata kichekesho. Alifua sketi ya shule kwa brashi ya viatu mpaka nyuzi zikatoka. Aliloweka blauzi nyeupe ya Binti pamoja na kilemba chekundu, Binti akaenda shule na blauzi ya waridi, akarudi amenuna, hakumsemesha baba yake mpaka kesho yake. Pale bombani wanawake walikaa kumtazama kama watu waliokata tiketi.

"Fundi, unafua au unashona?"

"Natoa gundi," alijibu, anasugua. "Nyinyi mmezoea kufua, hamjui kutoa gundi."

Jioni alimpaka mkewe mafuta ya mgando kwenye vidole, kimoja kimoja, amevaa miwani yake ya kazi, na kila kidole alikiinua kwenye taa akikitafuta mstari. "Hiki hapa," alisema siku moja, amefurahi kweli. "Hiki kina mstari. Mke wangu una mstari." Povu alikitoa kidole chake polepole akageuza uso.

Kwani alfajiri ileile alikuwa ameshafua.

Alfajiri ya kwanza baada ya katazo, Bibi hakugonga ukuta. Povu alingoja, akaona kimya kimezidi, akaingia mwenyewe. Alimkuta mama mkwe wake ameketi kwenye mbao za kitanda, godoro limeegemezwa ukutani, na shuka limekunjwa kama donge ndani ya beseni lenye maji kikombe kimoja.

"Nimejaribu mwenyewe," alisema. "Mkono mmoja haushiki."

"Mama, tumwambie mwanao."

"Hapana."

"Basi Binti. Binti ana moyo mzuri, hatasema."

"Mjukuu wangu ndiye anikute hivi? Anayeniomba nimfundishe kushona?" Akamshika Povu kanga. "Mwanangu, mimi sina mtu mwingine."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Povu alilichukua lile beseni. Alijiambia ni leo tu, kesho watatafuta njia. Kesho yake alijiambia hivyohivyo. Alivaa glavu za kazini, zikajaa maji kwenye tundu la kidole, akazivua. Alijaribu kuacha dawa kali, chumba kikanuka, Bibi akalia. Akairudisha dawa. Akimaliza alijikausha haraka, akajipaka mafuta mara mbili, akarudi kitandani kulala ubavuni kwa mume aliyekuwa anakoroma kwa uchovu wa kufua.

&nbsp;

Sajini alimkumbuka. Alimvutia kiti, akamwambia, "Haya, mama, tuone shamba limeotaje." Gumba la kulia likakubali, taa ya kijani ikawaka, Povu akashusha pumzi. Cha shahada kikakataa. Cha kati kikakataa. Mkono wa kushoto ukakataa wote.

Sajini akachukua kioo cha kukuzia, akaiinamia mikono yake kwa muda. Alipoinua uso hakuwa amekasirika.

"Umeshika maji."

"Sijashika, afande."

"Mama, hapa ofisini kila siku naletewa watu wanaosema hawajafanya. Hii ngozi imebanduka jana au leo."

Povu alijisikia kama mwizi, tena katika ofisi iliyokusudiwa kumsafisha. Sajini akaangalia kalenda yake, akapiga hesabu kwa kalamu hewani. Alama zikichukuliwa Jumatatu ya mwisho ya mwezi, cheti kinaweza kuchapwa kabla mwezi haujafunga. Baada ya Jumatatu hiyo hata akileta vidole vya dhahabu havitamfaa kitu. "Sina njia nyingine ya kukusaidia," alisema. "Ningekuwa nayo ningekupa."

Nje, Fundi alikuwa amemngoja. Kibanda chake alikifunga siku nzima ili amsindikize, na alikuwa amevaa shati lake la pekee lenye vifungo vyote. Aliusoma uso wa mkewe kabla hajasema neno, na wakashika njia ya nyumbani. Walipofika ukumbini, akavua shati, akalitundika, akakaa.

"Nani amefua?"

"Hakuna."

"Kila asubuhi nakuta beseni limelowa. Nikasema labda ni Binti. Nikanyamaza." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nimechekwa pale bombani. Sijali, nimechekwa kwa ajili yako. Nimeharibu nguo za mwanangu. Kila jioni nakushika vidole nakutafutia mistari kama mwendawazimu, kumbe alfajiri unaifuta. Kama hutaki kwenda, si ungesema? Mimi ningeelewa."

Povu alitazama mlango wa Bibi. Ulikuwa umefungwa. Ilimjia wazi hapo, jambo alilokuwa amelikimbia tangu siku alipochaguliwa: hata kama vidole vingekubali vyote, angeondokaje? Miezi tisa, nani angelichukua shuka lile alfajiri? Alikuwa amepita ofisi zote, amepimwa damu, amepigwa picha, na swali hilo hajawahi kujiuliza kwa sauti hata mara moja.

"Basi sitaki," alisema.

"Unasema?"

"Sitaki kwenda, Baba Binti. Kesho nitamwambia Msimamizi apeleke jina linalofuata."

Fundi hakugomba. Alisema tu, "Sikujua kama unaweza kunidanganya," na kwa Povu hilo lilikuwa kubwa kuliko matusi yote. Alitaka kumwambia. Maneno yalifika mdomoni kabisa. Lakini kiapo ni kiapo, na aliyeapiwa alikuwa nyuma ya mlango ule.

&nbsp;

Walisikia kwanza mkwaruzo. Plastiki juu ya saruji, inaburutwa kidogo, inasimama, inaburutwa tena. Mlango wa Bibi ukafunguka. Alikuwa ameshika ukuta kwa mkono wake mzima, na kwa mguu ulio mwepesi alikuwa akisukuma beseni. Ndani ya beseni mlikuwa na shuka la asubuhi ile, ambalo Povu hakupata muda wa kulifua kwa sababu ya kuwahi foleni. Harufu ikaingia ukumbini kabla ya Bibi mwenyewe.

"Mama, kaa," Povu akasema, akarukia beseni.

"Usiliguse." Bibi hakuwahi kumkemea hivyo. "Ukiligusa nitalia hapa mbele yake, na sitaki kulia."

Akalisukuma beseni mpaka miguuni pa mwanawe.

"Baba," alimwambia Fundi, "hili shuka ni langu. Nimelikojolea. Na la jana, na la juzi, na mwaka mzima huu. Mkeo ndiye anayefua wakati wewe umelala. Nilimwapisha asikwambie."

Fundi alilitazama beseni, kisha akamtazama mkewe.

"Nimesikia yote mliyosema. Anasema hataki kwenda. Mwongo huyu. Juzi nimemsikia jikoni anajifunza kuhesabu kwa lugha ya huko anakokwenda." Hapo Bibi alitaka kucheka, ikamshinda. "Aibu ya kukojoa naibeba, ni maradhi. Lakini aibu ya kumfungia njia mtoto wa mwanamke mwenzangu, mtoto aliyenifichia siri mpaka mikono yake ikaisha, hiyo siibebi. Nilidhani naitunza heshima yangu. Kumbe naila yake."

Povu alikuwa analia waziwazi, machozi yanamdondokea kwenye vidole, na hata hapo akili yake ya kazi ilimwambia ayafute, maana nayo ni maji ya chumvi.

"Mama," Fundi akasema mwishoni, "kwa nini hukuniita mimi?"

"Wewe ni mwanangu wa kiume."

"Ndiyo. Ni mwanao."

Akainama, akalibeba beseni. Akafika mlangoni, akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa ile ya siku zote ya kuuliza nyundo iko wapi. "Mke wangu, naanza na nini?"

"Maji baridi," Povu akasema huku anapangusa pua. "Usianze na ya moto, harufu itashika. Sabuni baadaye. Na usije ukachukua ile brashi ya viatu."

"Brashi imeshastaafu."

Walitoka nje uani wote watatu. Povu alikalishwa kwenye kigoda, mikono mapajani, anaongoza kwa kidevu. Bibi alikaa kizingitini. Wanawake wa bombani walikuwepo kama kawaida, na mmoja wao, kwa kuzoea utani, akamwuliza Fundi leo ameletewa kazi gani.

"Shuka la mama yangu," Fundi akajibu, kwa sauti ya kawaida. "Anaumwa. Kuanzia leo ni kazi yangu."

Yule mwanamke akatazama beseni, akamtazama Bibi kizingitini, utani ukamkauka. Akanyanyua ndoo yake iliyokuwa chini ya bomba, akaiweka pembeni ingawa haijajaa. "Tangulia wewe, Fundi," alisema. "Mimi sina haraka."

Fundi alifua, akasuuza, akasuuza tena, akakamua kwa mikono ile ya kuvuta nyuzi za soli mpaka shuka likaacha kudondosha. Kisha akalibeba kuelekea ndani, kwenye kamba ya nyuma ya mlango.

"Unalipeleka wapi?" Bibi akauliza.

"Si ndiko linakoanikwa?"

"Anika hapo uani, juani. Mwaka mzima nalalia shuka lililokaukia gizani. Nimechoka."

&nbsp;

Jumatatu ya mwisho Povu aliamka hana wasiwasi, jambo lililomshangaza mwenyewe. Alivishwa na Binti, akafungiwa vifungo na Binti, akanyweshwa chai na Fundi kama mgonjwa ingawa mikono ilikuwa mizima kabisa. Bibi alitaka kuiona kabla hajatoka. Aliishika yote miwili, akapitisha kidole gumba chake, cha mshonaji, juu ya ncha za vidole vya mkwewe, polepole, kama alivyokuwa akikagua kitambaa zamani.

"Vinakwaruza," alisema. "Nenda."

Foleni ilikuwa ndefu. Sajini alipomwona hakusema kitu, alikifuta kioo chake kwa makini kuliko siku zote. Gumba la kulia: kijani. Cha shahada: kijani. Cha kati, cha pete, kidogo, vyote kijani. Sajini akaanza kuhesabu chinichini, na mtu aliyefuata kwenye foleni, ambaye hakujua lolote, akaanza kusogeza shingo aone. Mkono wa kushoto. Gumba. Cha shahada. Kwa kila taa Povu alisikia kitu kinafunguka kifuani mwake. Kilipofika kidole cha mwisho, kile kidogo cha kushoto, mashine ikatoa ule mlio wake wa kukataa, na watu watatu wa mbele wakaguna pamoja.

"Hakina neno," Sajini akasema. "Kimetuonea haya tu." Akakipulizia pumzi, akakilaza upya, akakigusa kwa juu bila kukikandamiza. Taa ikakaa, ikakaa, ikawa ya kijani.

"Kumi," Sajini akasema, akainuka kabisa kutoka kitini, mtu mnene yule, akampa Povu mkono. Mtu wa mbele ya foleni akapiga makofi. Wengine wakafuata bila kujua wanapongeza nini, na Povu, ambaye mara ya kwanza alichekwa mahali pale, alisimama palepale akapokea makofi yake yote, hakuinamisha kichwa.

Cheti kilitoka Alhamisi. Alikipeleka kwa Msimamizi ndani ya bahasha mbili, moja isilowe, nyingine isikunjike. Msimamizi alikisoma, akatazama tarehe, akatabasamu kwa mara ya kwanza mwezi ule. Kwenye korido yule mwenzake wa zamu ya mchana alikuwa amesimama anangoja habari.

"Vidole vinaendeleaje?"

"Vimepona," Povu akamwambia. "Asante kwa maombi."

Yule mwanamke akamkumbatia, na lilikuwa kumbatio la kweli, maana hata yeye, mfuaji, alijua vidole vile vimefua nini miaka yote. "Ukirudi," alimwambia sikioni, "mimi ndiye wa kwanza kufundishwa." Povu akakubali.

Nyumbani Bibi alikuwa anangoja mlangoni, kilemba kimefungwa vizuri, na uani nyuma yake shuka lilikuwa linapepea. Fundi alikuwa bado kibandani, Binti bado shuleni. Bibi hakujua kusoma lugha iliyoandikwa kwenye kile cheti, akataka asomewe, yote, bila kuruka. Povu akakaa chini karibu na miguu yake, akamsomea jina lake kamili, na namba, na muhuri, na pale chini, mahali palipoandikwa kwamba mtu huyu amechunguzwa na halikuonekana kosa lolote dhidi yake.

"Soma tena hapo."

Akasoma tena.

"Na hilo ndilo lililowachukua muda wote huo kulijua?"

"Ndiyo, mama."

Bibi akakichukua kile cheti, akakitazama juu chini, akamrudishia.

"Wangekuja wakaniuliza mimi," alisema.